Nywele zako si ngumu: Soma hii kabla hujanunua pasi ya nywele

Ingia duka lolote la vipodozi kuanzia Marikiti mpaka Mwembe Tayari, umwambie muuzaji unataka pasi ya nywele. Swali la kwanza ni lile lile: "Dada, nywele zako ngumu ama laini?" Na kama umejifunga mtandio ndiyo kabisa, manake hana hata pa kuchungulia. Ukijibu "ngumu", mkono wake unapanda rafu ya juu, anateremsha ile iliyoandikwa 230, anakwambia hii ndiyo kiboko yake. Ukijibu "laini", unapewa kitu cha rangi ya waridi kisicho na kitufe chochote isipokuwa cha kuwasha na kuzima. Biashara imekwisha. Nywele zako hajaziona, na wewe umemjibu kwa neno uliloitwa nalo tangu ukiwa chekechea.

Hilo neno "ngumu" ndilo linalotuchoma. Tuanze nalo.

Majumbani mwetu nywele ni mafungu mawili, singa na kipilipili. Singa ndiyo laini, kipilipili ndiyo ngumu, kwisha maneno. Lakini hebu fikiria kidogo. Kipilipili ni habari ya umbo, jinsi unywele unavyojikunja. Haikwambii unywele wenyewe ni mnene kiasi gani. Unaweza kuwa na kipilipili kimejaa kichwa kizima, chanuo linavunjika meno, mamako analalamika kila Ijumaa akikusuka, kumbe kila unywele ukiuchukua peke yake ni mwembamba hata hauonekani ukiuweka kwenye leso. Wengi wetu ndivyo tulivyo. Isitoshe, unywele unaojikunja sana si mviringo kama waya, umebapa kidogo, na pale kwenye kona ndipo unapokatikia. Kwa hiyo nywele zilizopewa jina la ngumu mara nyingi ndizo dhaifu zaidi mbele ya moto. Tumeziita ngumu sababu ni ngumu kuchana. Hilo ni suala la chanuo, si la pasi.

Hata zile namba mnazotajiana, "mimi ni 4C", hazikusaidii hapa. Ule ni mfumo wa Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, wa miaka ya 1990. Moja ni singa, mbili mawimbi, tatu mizunguko, nne kipilipili. Zinasema mkunjo. Unene hazisemi, na pasi inahitaji kujua unene.

Njia ya kujua ni ya bure. Chukua unywele mmoja uliobaki kwenye chanuo, usiung'oe kichwani. Uweke baina ya kidole gumba na cha shahada, uuzungushe taratibu. Kama huusikii kabisa, ni mwembamba. Ukiusikia kwa mbali, ni wa kati. Ukiusikia kama uzi wa cherehani, huo ni mnene. Rudia kwa unywele wa kisogoni, wa utosini na wa karibu na paji la uso, sababu kichwa kimoja kinaweza kuwa na namna mbili. Zile za mbele huwa nyembamba karibu kwa kila mtu, na ndizo tunazozipiga pasi mara nyingi zaidi kwa vile ndizo zinazochungulia nje ya mtandio.

Halafu jiulize nywele zimepitia nini. Umetia dawa? Umezipaka rangi, ama piko? Dawa ya kulainisha huvunja vile viunganisho vikali vya ndani vinavyoupa unywele umbo na nguvu. Unywele wenye dawa tayari umeshalipa. Ukiuletea moto wa juu tena, unaudai mara ya pili.

Sasa kuhusu hewa yetu, manake hapa ndipo Mombasa inapotofautiana na video zote unazotazama kwenye simu.

Unywele ni protini inayoitwa keratini. Ukiacha vile viunganisho vikali ambavyo dawa huvivunja, kuna vingine dhaifu vya haidrojeni. Hivi maji huvifungua, na joto huvifungua. Unywele ukikauka ama ukipoa, vinajifunga upya kwa umbo lile ulilouwacha nalo. Pasi inafanya kazi hapo tu, haigusi pengine pakiwa kila kitu kimekwenda sawa. Ndiyo sababu ukiosha kichwa, kipilipili kinarudi. Na huhitaji hata kuosha. Hewa yenye maji mengi inatosha, na sisi tunaishi kisiwani. Umetoka Mji wa Kale nywele zimelala kama za tangazo, umefika Likoni, unapanda feri, upande wa pili unashuka zimeshaanza kufura. Msimu wa mvua za Aprili na Mei ndiyo usiseme. Chini ya mtandio ni jasho, na jasho ni maji vilevile.

Watu wengi hapa hufikiri pasi yao ni mbovu, ama joto halikutosha. Basi kesho yake anapandisha kutoka 180 hadi 200. Wiki ijayo 220. Baadaye anauza pasi anatafuta ya 230. Ndugu yangu, joto zaidi haliongezi siku. Ukishavifungua vile viunganisho dhaifu umeshamaliza kazi. Moto wa ziada hauwezi kuyazuia maji ya hewani yasiingie. Unachopata cha ziada ni uharibifu tu. Kwenye nyuzi kama 230 za Selsiasi, hata unywele mkavu unaanza kupoteza muundo wake wa protini. Na si lazima ufike huko: nyuzi 200 kila asubuhi zitakufikisha mahali hapo hapo, ila polepole.

Utasikia mtu akisema, "Mimi zangu zimezoea, siku hizi hata nikiosha hazirudi." Anasema kwa furaha. Hazijazoea, bana. Zimeungua. Mkunjo ukikataa kurudi baada ya kuosha maana yake muundo umeharibika, na hakuna mafuta, hakuna yai, hakuna parachichi litakalourudisha. Dawa yake ni mkasi na subira. Nywele hukua kama sentimita moja na kitu kwa mwezi, kwa hiyo urefu wa kufika mabegani ni miaka miwili na zaidi ya kusubiri. Hiyo ndiyo bei halisi ya kununua pasi isiyokufaa, wala haiandikwi kwenye boksi.

Basi kitu unachokwenda kununua si joto. Ni uwezo wa kulipunguza. Pasi nzuri kwa mtu wa Mombasa ni ile inayoshuka chini na kutulia pale ulipoiweka.

Namba ambazo wataalamu wengi wa nywele huzitumia ni hizi, na mimi nakushauri uanzie upande wa chini kila wakati. Nywele nyembamba, zenye dawa, zenye rangi ama zilizochoka: nyuzi 120 hadi 150. Za kati, zenye afya: 150 hadi 180. Nene, za asili, hazijaguswa na dawa: 180 hadi 200. Kupita 200 sioni sababu. Ukianzia chini na kishungi kikanyooka kwa kupitishwa mara moja ama mbili, umeipata namba yako, usiende mbele. Kama kimekataa, ongeza nyuzi kumi tu. Angalia pia boksi linasema lugha gani: pasi za Marekani huandika kwa Fahrenheit, na ile 450 inayokutisha ni kama 232 za kwetu. 350 ni kama 177. Ukichanganya hapo utajilaumu bure.

Pasi ya kuwasha na kuzima peke yake, isiyo na namba, iache dukani hata ikiwa ya Sh800. Huijui inachoma kwa nyuzi ngapi, na mara nyingi hata aliyeitengeneza hana hamu ya kujua. Bora kile kitana cha moto cha nyanya kwenye seredani, manake yeye alikuwa anakijaribu kwanza kwenye karatasi, na karatasi ikibadilika rangi anasubiri kipoe. Alikuwa na kidhibiti joto. Kilikuwa kichwani mwake.

Pia kuna ile yenye gurudumu la namba 1 hadi 5, na ile yenye kioo kinachoonyesha nyuzi. Kama mfuko unaruhusu, chukua ya kioo. Nitakwambia kwa nini, na sababu haihusu nywele zako peke yako.

Nyumba zetu za Mji wa Kale unazijua. Ghorofa moja, familia tatu, pasi moja ya nywele kwenye droo. Kuna binamu ana singa kwa sababu ya babake Mshihiri, dadake wa mama mmoja ana kipilipili, shangazi anatia dawa kila baada ya miezi miwili, na nyanya anapaka hina. Wote pasi ile ile. Anayeiwasha leo anaikuta pale alipoiwacha mwenziwe jana, na hakuna anayeangalia. Mwenye nywele nene ameiwacha 200, mwenye dawa anaikamata hivyo hivyo akiwa mbioni, harusi inaanza saa mbili. Ukinusa harufu ya kwato zinazoungua ujue nani ametangulia. Pasi yenye kioo angalau inakulazimisha uone namba. Mkiwa wengi, bandikeni kikaratasi ndani ya mlango wa kabati, kila mtu na namba yake. Mtachekwa, lakini mtabaki na nywele. Na watoto wa miaka sita waachwe na mabutu yao ya Idi, tafadhali.

Tuje kwenye bamba, zile sahani mbili zinazobana nywele. Hapa ndipo wauzaji wanapotoa maneno makubwa.

Seramiki, yaani kauri, husambaza joto kwa usawa na haina papara. Kwa watu wengi inatosha. Shida ni kwamba nyingi za bei rahisi si seramiki, ni bati la alumini lililopakwa seramiki juu juu. Baada ya miezi linachubuka, na pale palipochubuka pana joto tofauti na kwengine. Ukiona alama kama ya sufuria iliyokwaruzwa, iage. Titani hupata moto haraka sana na haupotezi. Ni nzuri kwa nywele nene na kwa mkono uliozoea, ndiyo maana saluni nyingi wanaipenda. Kwa anayejifunza mwenyewe mbele ya kioo cha chooni, mimi siipendekezi, sababu haikupi nafasi ya kuchelewa hata kidogo. Tomalini ni jiwe linalosagwa na kuchanganywa kwenye seramiki, na sifa yake kubwa kwenye boksi ni "ioni" za kuzuia nywele zisisimame kwa umeme tuli. Sasa niambie, ni lini mara ya mwisho nywele zako zilisimama kwa umeme tuli hapa Mombasa? Huo ni ugonjwa wa hewa kavu. Ukipewa bei ya kawaida ichukue, lakini usiongeze elfu mbili kwa ajili ya ioni.

Upana uchague kwa urefu. Nywele fupi, ama kipilipili unachotaka kukifikia karibu na ngozi, bamba la inchi moja linaingia bila kukuchoma sikio. Nywele ndefu na nyingi, inchi moja na nusu hadi mbili, utamaliza mapema na utapitisha mara chache. Na zile bamba zinazobonyea kidogo ukizibinya ni nzuri: hubana sawasawa, haziachi mstari.

Sasa umeme, kitu ambacho hakuna mrembo wa kwenye video anayekitaja. Mimi niliacha chuo kabla ya cheti, kozi ya umeme, lakini hili nilikuwa nimeshalishika kabla sijatoka.

Kilindini ni jina linalotokana na kilindi, maji ya kina, na ndiyo maana meli kubwa zinatia nanga pale na kila aina ya bidhaa inashushwa. Pasi za nywele hufika mpya kwa makontena, hufika za mitumba, na hufika ndani ya masanduku ya jamaa. Zote zinaweza kufanana. Lakini soketi ya Kenya ina volti 240, na si kila pasi imezaliwa kwa volti hizo. Jamaa yako akiwa Muscat ama Dubai akikutumia, huna wasiwasi sana: volti zao zinakaribiana na zetu na hata plagi huwa ya miguu mitatu kama ya kwetu. Uingereza vilevile. Jamaa akiwa Marekani, ngoja kwanza. Kule soketi ni volti 120. Ukichomeka hapa kifaa cha 120 peke yake, volti zimezidi mara mbili lakini nguvu inayopita haizidi mara mbili, inazidi mara nne. Pasi hiyo itaungua, ama itakuunguza wewe.

Na usidanganywe na adapta ya Sh150. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, volti haizigusi. Geuza pasi, soma maandishi madogo kwenye mpini. Yakisema 100-240V ama 110-240V, mshukuru aliyeituma, itafanya kazi popote. Yakisema 120V peke yake, mrudishie kwa heshima ama umpe anayesafiri. Yasipokuwepo kabisa, huo si ununuzi, ni bahati nasibu.

Ukiwa dukani bado, angalia kibandiko cha KEBS cha bidhaa zinazotoka nje. Kibandiko pekee si kinga, kwa hiyo tumia macho na mikono pia. Omba risiti yoyote kuukuu, ibane baina ya bamba mbili pasi ikiwa baridi, uivute. Ikitoka kirahisi upande mmoja, bamba hazikutani, na utakuwa unarudia kishungi kimoja mara tano. Zitazame zikiwa zimefungwa ukizielekeza kwenye mwanga wa mlangoni, mwanga usipite. Kisha mwambie muuzaji aiwashe. Weka 150, subiri, pandisha 180, rudisha 150, uone kama inatii. Waya pale unapoingia kwenye mpini uwe unazunguka, la sivyo utakatikia hapo hapo kabla ya Ramadhani ijayo. Plagi ya kwetu huwa na fyuzi ndani, na kwa kifaa kidogo kama hiki ya ampea 3 inatosha. Kama plagi haina mahali pa fyuzi kabisa, mshukuru uondoke. Muuzaji akinuna, akinune. Pesa ni zako.

Kuhusu tokeni, nimesikia ugomvi wa kutosha. Pasi ya nywele ya kawaida ni kama wati 45. Nusu saa nzima haifiki hata sehemu ya arobaini ya yuniti moja. Pasi ya nguo ya wati 1,000 ndiyo ya kulalamikia. Mpelekee mamako hesabu hii kwa adabu, akikataa usibishane.

Ukifika nyumbani, kubwa ni moja: nywele ziwe kavu kabisa. Si "zimekaribia". Ukisikia chwaa, hayo ni maji yanachemka ndani ya unywele, na mvuke unatafuta pa kutokea. Mafuta ya nazi yapake siku ya kuosha, si dakika moja kabla ya pasi, maana utayakaanga na kichwa chako ndiyo karai. Tumia kinga ya joto nyepesi, kishungi chembamba, pitisha mara moja bila kusimama. Mwisho, ngoja zipoe kabla hujafunga mtandio. Ukifunga zikiwa moto, zitapoa kwa mikunjo ya mtandio.

Saluni nako unayo haki ya kuuliza. Msusi ni mtu mzima, ana mkono, mheshimu, lakini namba iangalie. "Dada, naomba tuanze na 160, zangu nyembamba." Hakuna atakayekufukuza. Akikwambia nywele zako ngumu, mpe unywele mmoja auzungushe baina ya vidole vyake mwenyewe.

Na kama pasi ni ya harusi ya Jumamosi usiku, usiipige Ijumaa ukalala nayo. Oga kwanza, maliza mvuke wote wa bafuni, kausha nywele, kaa mbele ya feni mpaka jasho likate, ndipo uzinyooshe karibu na saa ya kutoka. Vikuba vya asumini vivalishwe mwisho kabisa, manake maua mabichi yana maji, na pale yanapogusa ndipo kipilipili kitakaporudi kwanza.